Waya Mmoja, Mama Prisca Wawili

Sina faida yoyote ya kukudanganya. Mimi ni fundi, kazi yangu ni kufunga TV na redio, na kibanda changu kiko Kiboriloni, nyuma ya wauza mitumba. Sinywi. Nimezaliwa Moshi mjini katika nyumba ya Waislamu, na mbege naijua kwa harufu tu. Nakwambia hivyo mapema ili ukifika katikati usije ukasema, "Ah, huyu alikuwa amelewa." Sikulewa, sikuota, na yalipoanza ulikuwa bado mchana. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kwa macho haya unayoyaona.

Ilikuwa Desemba, wiki ile Wachaga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi. Unaijua hali inavyokuwa. Barabara ya kutoka Dar inajaa magari, bei ya mbuzi inapanda, na kule juu mlimani kila nyumba inakumbuka kwamba TV yake haitoi sauti. Kwetu mafundi ndiyo msimu wenyewe.

Siku chache kabla, alikuja kibandani kwangu mama mmoja wa Kilema, kule mlimani. Mnene wa wastani, ana mwanya mbele, na kicheko chake unakisikia kabla hujamwona. Akajitambulisha kwa jina la Mama Prisca.

"Fundi, mimi na zile waya tumegombana," akaniambia. "Nyekundu, nyeupe, njano! Nikigusa hii sauti inapotea, nikigusa ile mapadre wanakuwa kijani. Sasa Baba Prisca amenitumia TV kubwa na hom thieta. Nimesikia siku hizi kuna waya mmoja tu unaomaliza kila kitu. Ni kweli au mnatuibia?"

"Ni kweli mama. Unaitwa HDMI." Nikamtolea mmoja nikamwonyesha. "Huu unabeba picha na sauti pamoja. Mmoja unatoka kwenye king'amuzi unaingia kwenye hiyo redio ya hom thieta, mwingine unatoka kwenye redio unaingia kwenye TV. Basi. Hakuna rangi za kukariri."

Akaugeuza geuza mkononi. "Picha na sauti ndani ya waya mmoja! Kama mume na mke kwenye kitanda cha futi tatu." Akacheka mpaka wauza mitumba wakageuka.

Nilimpenda hapo hapo. Ni mtu wa aina ile. Akanieleza kwamba nyumbani anaishi na mama mkwe wake peke yao. Bibi alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia umekufa na maneno hayatoki. Furaha yake iliyobaki ni kuangalia kwaya kwenye TV. Mume yuko Dar kikazi, na mtoto wao, Prisca, anasoma huko huko. Wote wawili wangefika Ijumaa jioni.

"Njoo Ijumaa, ukishaswali," akasema. "Nataka wakiingia tu wakute mambo yanawaka. Na usihofu chakula. Jirani yangu ni Mwislamu, nitamwomba anichinjie kuku, ule kwa amani."

Ni nani siku hizi anamfikiria fundi namna hiyo?

Ijumaa nikaswali, nikafunga begi langu la vifaa, nikapanda bodaboda. Kulikuwa na mvua nyepesi na ukungu umeshuka. Tukapita misheni, tukaingia vijia vya ndani ambako migomba na kahawa vimesongana mpaka unaona kama umeingia ndani ya chumba. Dereva akaniacha getini akageuza.

Uani kulikuwa na mbwa amefungwa mnyororo, anabweka kama amepandwa na kichaa. Nikasimama, maana mimi na mbwa hatuelewani. Lakini nikaona kitu ambacho sikukitilia maanani wakati ule: mbwa hakuwa ananibwekea mimi. Alikuwa ameupa mgongo mlango wa geti, na anabweka kuelekea nyumbani.

Mlango ukafunguka, Mama Prisca akatokea. Sura ile ile, mwanya ule ule, amejifunga kitenge cha bluu. Miguu yake ilikuwa mitupu, ina udongo mbichi mpaka kwenye magoti. Nikajua katoka shambani.

"Shikamoo mama. Poleni na mvua."

Hakuitikia. "Umekuja," akasema. "Ingia ufunge."

Akanipita, akaenda kwa yule mbwa. Nilikuwa nimeinama navua viatu mlangoni, kwa hiyo sikuona alichofanya. Nilisikia tu mnyororo ukivutwa, halafu sauti kama mtu anavunja muwa kwenye goti. Kimya. Nikainua kichwa. Mama Prisca alikuwa anarudi, anajifuta mikono kwenye kitenge.

"Amelala," akasema.

Utaniuliza kwa nini sikuondoka pale pale. Na mimi nakuuliza, wewe ungeondoka? Unamjua mtu, alikucheka na kukuchekesha juzi tu, leo umemkuta amenuna. Utasema nini? Utasema kachoka. Watu wanachoka. Nikaingia.

Sebuleni, kwenye kiti cha pembeni, alikaa bibi amefunikwa blanketi. Nikapiga goti kidogo mbele yake. "Shikamoo bibi."

Akanishika mkono kwa ule wake wa kushoto, ulio mzima. Akaubana. Nikadhani ni salamu, nikasubiri aachie. Hakuachia. Akanitazama, mdomo wake unapinda upande mmoja, koo linatoa sauti kama mlango mkavu, macho yanakwenda mlangoni alipo Mama Prisca yanarudi kwangu, yanakwenda, yanarudi. Bibi mzee vile sikujua ana nguvu kiasi kile.

Mama Prisca akaja. Akaanza kuufungua ule mkono, kidole baada ya kidole. Alipofika kidole cha kati akakiinua, akaendelea kukiinua kuelekea nyuma, taratibu, huku ananiangalia mimi, mpaka kikalia. Bibi akapiga yowe.

"Mama! Umemvunja!"

"Anasumbua wageni," akasema. Akacheka. Kilikuwa ni kile kicheko cha Kiboriloni, lakini kilikwenda tu, kikaendelea bila yeye kuvuta pumzi, halafu kikakatika ghafla. "Funga vyombo. Watu wangu wanakuja leo."

Nikafunga. Usinicheke. Mtu akiogopa mikono hurudi kwenye kitu inachokijua. Nikatoboa ukuta, nikaitundika TV juu na kuikaza kwa boliti. Nikapanga spika pembe za chumba, sabufa nikaiweka chini. Waya wa kwanza kutoka king'amuzi kwenda kwenye redio, waya wa pili, ule mrefu, kutoka redio kwenda TV. Nikawasha. Picha ikaja safi kama kioo, na kwa bahati kulikuwa na kwaya inaimba. Sauti ikajaa chumba kizima, hata kifuani unaisikia. Nikamgeukia bibi nikidhani atatabasamu. Bibi alikuwa analia kimya kimya, amekipakata kidole chake, na hakuwa anaangalia TV. Alikuwa anaangalia mlango wa jikoni.

Mama Prisca akatoka jikoni, akapita mbele yangu kwenda kuchungulia nje. Alipoikaribia TV, picha ikazima. Sauti nayo ikakatika.

Sasa hapa nikueleze kidogo. Waya za zamani zikiwa na tatizo, picha inakuwa na chenga, sauti inakwaruza, unaona kabisa kwamba ugonjwa unaanza. HDMI haina mambo hayo. Ama unapata picha na sauti, ama hupati chochote. Kwa hiyo nikasema, waya mbovu. Nikauchomoa ule mrefu nikautupa sakafuni, nikafunga mwingine. Mama Prisca alikuwa ameshakwenda dirishani. Picha ikarudi. Nikashukuru Mungu.

Akarudi kutoka dirishani. Giza. Akaingia jikoni. Kwaya ikaimba. Akatoka. Giza, kimya. Nikabadilisha matundu nyuma ya TV. Vile vile. Nikakagua umeme. Vile vile. Kila akikaribia, inakufa. Akienda mbali, inafufuka.

Nikajipa moyo kwamba ni simu yake. Simu nyingine zina mawimbi makali. "Mama, una simu hapo kiunoni? Hebu iweke mbali kidogo."

"Sina simu," akanijibu kutoka mlango wa jikoni.

Kila mtu ana simu. Na mimi namba yake ninayo. Nikasema nimpigie, nisikie inalia wapi, niisogeze mwenyewe. Nikabonyeza, nikaweka sikioni, nikisubiri mlio utokee jikoni au chumbani.

Ikapokelewa.

"Fundi! Nisamehe mwanangu, umeshafika?" Upepo unavuma, pikipiki inanguruma. "Nilikwenda sokoni kuongeza viazi, usafiri ukanishinda. Nimeshakata kona ya misheni, niko karibu. Mlango sikufunga, ingia tu ukae na bibi. Umemsalimia bibi?"

Sauti ya Mama Prisca. Sikioni kwangu.

Na mbele yangu, kwenye mlango wa jikoni, Mama Prisca amesimama, mikono imening'inia, ananitazama.

Niamini, damu inaweza kweli kupoa mwilini. Nilitaka kusema, "Mama, usije." Maneno hayo mawili tu. Ulimi ulikuwa umekauka, umegandana na meno. Yule wa kwenye simu akasema, "Haloo? Haloo? Ah, mtandao," akakata.

"Unaongea na nani?" akauliza huyu wa mlangoni.

"Na... mke wangu."

"Muongo," akasema kwa upole kabisa. "Kaa chini."

Ningeweza kukimbia. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, yeye yuko upande wa jikoni. Lakini bibi alikuwa pale kwenye kiti chake, amenikazia macho, na yale macho sikuweza kuyaacha. Nikamwendea, nikapitisha mikono chini ya kwapa zake nimnyanyue. Sikumsikia yule kitu akitembea. Nilishtukia tu niko hewani, halafu mgongo wangu umepiga ukuta na pumzi yote imenitoka. Alikuwa amenishika shati kwa mkono mmoja akanitupa kama unavyotupa taulo.

"Nimesema kaa. Wanakuja watatu. Mmoja anakuja sasa hivi, wawili baadaye. Mtoto ndiye namtaka zaidi."

Nje pikipiki ikasimama. Nikasikia mtu akimuaga dereva, "Aika, asante mwanangu, msalimie mama!" Nikasikia viatu vikipanda ngazi. Nikapiga kelele, na safari hii sauti ikatoka, "Mama usiingie!" Lakini nani anasikia kelele nyumbani kwake akabaki nje? Aliingia mbio.

Mama Prisca wa kweli akasimama mlangoni na kikapu chake cha viazi. Amevaa blauzi nyeupe na kitenge cha kijani. Nikageuka kumwangalia yule mwingine. Wallahi, naye alikuwa amevaa blauzi nyeupe na kitenge cha kijani, na miguuni ana viatu vile vile. Kilibadilika saa ngapi, sijui. Sikupepesa jicho.

Wakatazamana. Mama Prisca hakupiga yowe. Alimtazama yule, akamtazama bibi na kidole chake kilichovimba, akaweka kikapu chini.

"Umemfanya nini mama yangu?"

Akamrukia. Yeye ndiye aliyemrukia! Hadi leo nikikumbuka nashangaa. Wewe ungejiona mwenyewe umesimama sebuleni kwako, ungefanya hivyo?

Nimeona watu wakipigana stendi, nimeona mwizi akipigwa sokoni. Sijaona kama kule. Waliingia kwenye kabati la vioo wakalivunja lote, wakaanguka juu ya vipande, wakaviringika. Mmoja anamng'ata mwenzake shingoni, mwingine amemwingiza vidole machoni. Viti vikapinduka. Damu ikatapakaa sakafuni, viazi vinabingirika ndani yake. Nikaona sikio limening'inia kwa ngozi, lakini kabla sijajua ni la nani walishageuka, na sasa wote wamelowa damu kichwani, wote nywele zimefumuka, wote wanahema.

"Fundi nisaidie! Huyu siyo mimi!"

"Fundi nisaidie! Huyu siyo mimi!"

Sauti moja, ikitoka kwenye midomo miwili. Nilikuwa nimeshaokota nyundo yangu. Nimeiinua. Nimpige nani? Nikikosea nimemuua mama wa watu mbele ya mkwe wake, na mtoto wake yuko njiani. Nikimtazama bibi nipate ishara, naye macho yanazunguka, amewapoteza kama mimi.

Wakati wote huo TV ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Spika zinapasuka kwa kwaya, zinanyamaza, zinapasuka tena. Sikuwa nimeielewa. Halafu mmoja akamsukuma mwenzake kwa nguvu, yule aliyesukumwa akaenda kugonga ukuta chini ya TV, akateleza akakaa pale pale, TV iko juu ya kichwa chake. Na kwaya ikaendelea kuimba. Haikukatika hata neno moja. Aliyesukuma akapiga hatua kumfuata. Hatua moja, mbili. Giza. Kimya.

Nikampiga huyo.

Nilimpiga begani kwanza, kwa sababu nilikuwa bado na woga, halafu kichwani, nikarudia. Haikuwa kama kumpiga mtu. Nyundo ilikuwa inadidimia kama umepiga gunia la udongo uliolowa, na nikiichomoa hakuna damu, kuna tope jeusi lenye harufu ya kaburi lililofunguliwa. Akanigeukia. Sura ya Mama Prisca ilikuwa imebonyea upande, na katika ule upande uliobonyea mwanya ulikuwa umepanuka, unaendelea kupanuka, mpaka mdomo wote ukawa mwanya.

Nikaweka mkono wa kushoto kujikinga. Akauma.

Nikwambie kitu kuhusu kuumwa namna ile. Maumivu hayaji kwanza. Kinachokuja kwanza ni sauti. Nilisikia mifupa yangu mwenyewe, nikamwona anatafuna, nikaona koo lake likipanda na kushuka. Kidole changu cha mwisho na cha pete vilikuwa vimekwenda. Amevimeza na macho yake hayajanitoka usoni, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Baadaye ndipo moto ukapanda mpaka begani, nikaanguka.

Nilipoanguka mkono wangu mzima ukagusa ule waya mrefu niliokuwa nimeutupa nikidhani ni mbovu. Sikufikiri. Alikuwa ameniinamia, nikaupitisha shingoni mwake, nikavuta. Akaninyanyua pamoja na waya. Nilining'inia mbele yake kama tai ya shingoni. Mkono mmoja unaomwaga damu ungeweza nini?

Ndipo nikaona mkono mwingine umedaka ncha ya pili. Mama Prisca, sikio limechanika, jicho moja limefumba, alikuwa ameinuka kutoka chini ya TV. Akaizungushia ile ncha kiganjani, akaweka mguu mgongoni mwa yule kitu, akakaza. Mimi nikavutia huku, yeye kule.

"Toka kwangu!" alikuwa anapiga kelele. "Toka kwa mwanangu! Toka kwa mama yangu!" Na mengine ya Kichaga ambayo sikuyaelewa, lakini yalikuwa matusi, hilo nakuhakikishia.

Waya ukaingia shingoni kama kisu kinavyoingia kwenye siagi. Yule akatupiga na kututupa huku na huku, nikagongwa kwenye sabufa nikavunjika mbavu, sikuachia. Mwanamke yule naye hakuachia. Halafu ghafla waya ukalegea mikononi mwetu. Mwili wake ulikuwa umelainika wote, hauna mifupa, ukachuruzika kati yetu, ukapita dirishani ukivunja kioo na fremu yake. Tukasikia kahawa zikivunjika, migomba ikitikisika mmoja baada ya mwingine, kuteremka kuelekea mtoni. Mpaka kukawa kimya.

Kwaya ilikuwa imerudi, inaimba. Mama Prisca akaenda kwa bibi, akapiga magoti, akakichukua kile kidole kilichovunjika akakibusu. Bibi akamwekea mkono kichwani. Sikuweza kuangalia zaidi, nikazimia.

Baba Prisca na binti yake walifika kabla giza halijaingia vizuri. Fikiria mtu katoka Dar na zawadi za Krismasi anakuta sebule ile. Alitubeba wote kwenye gari lake hadi hospitali. Tukawaambia madaktari ni majambazi, na polisi tukawaambia hivyo hivyo. Ungewaambia nini? Daktari alitaka vidole vyangu ajaribu kuvirudisha. Nikamwambia havikupatikana. Mbwa walimkuta uani, kichwa kimegeuzwa kikaangalia mgongoni.

Padre alikuja kuibariki nyumba ile, na mimi nyumbani kwangu tukasoma Yasini. Mama Prisca amepoteza sikio moja, anafunga kilemba siku zote, lakini kicheko amekirudisha. Bibi aliishi miezi kadhaa, akafariki usingizini kwa amani. Nilikwenda kumzika. Jamaa zake walipouliza mimi ni nani, Mama Prisca alisema, "Huyu ni mwanangu," hakueleza zaidi.

Ningependa kisa kiishie hapo.

Mwaka uliofuata nilikuwa kibandani, mkono umeshapona, najifunza kushika bisibisi kwa vidole vitatu vya kushoto. Akaja mama mmoja wa Shirimatunda, mteja wangu wa zamani. Amekasirika.

"Fundi, tangu jana nataka nikuulize. Ulikuja kwangu ukakaa mchana kutwa, umefunga redio vizuri, sikatai. Lakini salamu huitikii, unanikodolea macho tu, unaniuliza wajukuu wangu wanatoka shule saa ngapi. Mara tatu umeuliza! Kwa bahati baba yao akaja nao na wanaume wenzake, ukaondoka hata chai hukunywa, tena umepita shambani badala ya getini. Una nini wewe?"

"Mama," nikamwambia, "sijafika Shirimatunda tangu nitoke hospitali."

"Usinifanye mtoto. Nilikuona kwa macho yangu, nimekushikia ngazi!"

Nikaweka mkono wangu wa kushoto juu ya meza. Akautazama. Akavihesabu vidole, akarudia.

"Jana," akasema, "ulikuwa na vidole vyote."

Baada yake wamekuja wengine na malalamiko yale yale, wa huku mjini na wa kule juu. Kuna nyumba moja hawakubahatika kama yule mama wa Shirimatunda. Hiyo sitaisimulia, wenyewe wapo na bado wanaomboleza. Ndugu wa marehemu walikuja kunishika na mapanga, na kilichoniokoa ni majirani wa sokoni walioapa kwamba siku ile nilikuwa nao tangu asubuhi.

Kwa hiyo nimeacha kwenda majumbani. Nimewaambia wateja wangu wote, na sasa nakwambia na wewe, mwambie mkeo, mumeo, watoto, na mlinzi wako kama unaye. TV yako ikiharibika niletee kibandani. Hata kama ni nzito, kodi mkokoteni. Mimi siji tena kwa mtu, mvua wala jua, hata unipigie simu ukilia.

Ukinisikia nabisha hodi mlangoni kwako, usifungue. Siyo mimi.